Ulitoka kwa Nani?

Juzi nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya ofisi moja mjini Kisii, nikingoja kuhojiwa. Mlango ulikuwa haufungiki vizuri, nikasikia yote. Kila aliyeingia kabla yangu aliambiwa neno lile lile, "Jitambulishe," na kila mmoja akatoa jibu lile lile: ni mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Mimi pia nilikuwa nimekariri hayo kutoka kwenye simu. Lakini nikajiuliza, wewe msomaji wangu, kama sote ni wachapakazi namna hii, mbona tumejaa kwenye benchi?

Kazi yenyewe niliitaka sana. Shirika lilitafuta mtu wa kuzunguka vijijini kuwashauri wakulima wa majani chai. Nilikuwa nimesomea kilimo, nikarudi nyumbani na shahada, na tangu hapo kila aliyenisalimia njiani aliniuliza kama bado natafuta. Hilo "bado" lilikuwa linanimaliza.

Nikiwa pale kwenye benchi, nikamkumbuka mtu wa kwanza kunifunza kujitambulisha.

Nililelewa na nyanya karibu na Birongo, kwenye nyumba ambayo jiko lake lilinukia moshi wa mkaratusi na chai ya maziwa iliyochemka hadi ikabadilika rangi. Mtoto akitumwa kwa watu, nyanya alimsimamisha mlangoni amfanyishe mazoezi. Kwanza salamu ya asubuhi kwa Kigusii: bwakire buya. Kisha useme wewe ni wa nani, mjukuu wa nani, kutoka mlima upi. Ndipo utaje ulichotumwa. Ukianza na ulichotumwa, umeingia kama mbuzi shambani.

Siku ya Sabato tukiwa wageni katika kanisa lingine, kule Masimba kwa mfano, wageni waliambiwa wasimame wajitambulishe. Nyanya alinibinya begani nami nikasimama, viatu vikinibana, nikasema nyumbani ni wapi na kwamba nimewaletea salamu za washiriki wa huko. Kanisa zima lilijibu, "Karibu!" Nilipoketi, masikio yangu yalikuwa ya moto kwa furaha.

Hata hivyo nilikuwa mtoto wa maswali. Nilimuuliza, "Nyanya, kwani nisiposema mimi ni wa nani, sitapewa chai?"

"Utapewa," akasema. "Lakini itapoa tukikuuliza."

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kila asubuhi kuomba moto na kubaki hadi saa nne, akacheka. "Huyu wako, mama, na maswali yake! Atakuwa wakili ama atakosa bwana."

"Na akikosa?" nyanya akamwuliza. "Wewe ulipata, na bado unaomba moto kwangu."

Jambo moja la nyanya sikuliona kwa mtu mwingine. Mgeni akishajitambulisha, awe mdogo au mkubwa, aliwekewa mahindi mapajani apukuchue chai ikichemka. Wengine walianza na mstari mmoja, wakautoa taratibu, kisha mingine ikafuata. Wengine walikamua gunzi kama wanalikaba koo, punje zikaruka hadi kwa kuku. Nyanya aliitazama mikono tu. Mgeni akiondoka, nyanya alitukumbusha: "Jina ni la babako. Mikono ni yako."

Zamu yangu ilipofika, niliingia, nikasalimu, nikaketi. Walikuwa watatu. Nilianza na yale ya simu, na nilipofika kwenye kujituma, mzee aliyeketi katikati akavua miwani.

"Hayo tumesikia tangu asubuhi," akasema. "Nyumbani ni wapi?"

"Birongo."

"Birongo kwa nani?"

Wewe unajua swali hilo likiulizwa ofisini huwa linapima nini. Kuna jina linalofungua mlango na jina linaloufunga. Nimewaona wenzangu wakiajiriwa kwa ukoo, nikaapa sitaingia kwa njia hiyo. Lakini kukataa kumjibu mzee kwetu ni utovu wa adabu, na kazi niliitaka.

"Mzee, kwa heshima," nikasema, "nililelewa kuambiwa kwamba jina ni la babako, mikono ni yako. Nimechuma majani chai tangu utotoni, majani mawili na kichipukizi. Niulizeni kuhusu hayo."

Mama aliyekuwa pembeni akatabasamu na kuniuliza kuhusu mbolea na upogoaji, nami nikajibu moja baada ya jingine. Mzee hakuuliza tena. Nilipokuwa nikitoka ndipo akasema polepole, kwa Kigusii, "Maneno hayo ni ya mama mmoja tu. Nilipukuchua mahindi jikoni kwake nikiwa kijana. Punje zangu zilienda kwa kuku."

Walinipigia simu jana. Nimepata.

Unafikiri nimefurahi? Nimefurahi, ndiyo, lakini usingizi hauji. Ni mikono yangu iliyonipa kazi, au ni jikoni kwa nyanya? Yeye angekuwa hai ningemwuliza, naye angeniambia chai inapoa.

Leo nimekwenda kwake. Jiko limeinama upande mmoja, mkaratusi umekatwa, na jirani anapikia gesi, hana haja ya moto wa mtu. Nimesimama mlangoni, nikasalimu, nikasema mimi ni wa nani. Kuku mmoja aliinua kichwa, akaendelea kupekua.

Jumatatu naanza kubisha hodi kwa wakulima, boma hadi boma. Najua watakachoniuliza kwanza. Bado sijaamua nitajibu nini.