Wanawake Wanaokimbia Nyumba

Mimi ni mtu wa ndani. Houston ni jiji la kuendesha gari, na gari langu linajua njia mbili tu: ya Stafford, nilikokuwa napanga mafaili ya ofisi moja ya bima, na ya maduka ya mitumba. Watanzania wenzangu wa Alief, mtaa tunaoishi, kila Jumamosi walikuwa na harusi, au kikao cha harusi, au kikao cha kuvunja kamati ya harusi. Mimi nilikuwa na makava ya vitabu.

Vitabu vyenyewe sikuwa navisoma, nisijipe sifa. Kiingereza changu cha kidato cha nne hunifikisha ukurasa wa tano kikaomba maji. Nilichopenda ni picha za nje za zile riwaya ndogo za zamani za Kimarekani, za karatasi laini, za kutisha, zilizochapwa kabla sijazaliwa. Karibu zote zina picha ileile: msichana wa gauni refu anakimbia, nyuma yake jumba la giza, na kwenye jumba lile dirisha moja tu linawaka taa. Wachoraji tofauti, miaka tofauti, msichana anakimbia vilevile.

Nilikuwa nimefikisha mia mbili na kumi na nne. Niliviorodhesha kwenye kaunta buku, mistari nimepiga kwa rula: namba, rangi ya gauni, dirisha la ghorofa ya ngapi, anatazama upande gani, amevaa viatu au yuko peku. Kila kitabu nikakichomekea kikaratasi chenye namba yake. Mtu mzima na ndevu zake, anahesabu wasichana walio peku.

Mwaka 2018 mama akaja kututembelea, miezi mitatu. Nilikuwa sijamwona kwa miaka sita. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Carrollton na mke na watoto na bustani yenye majani yaliyokatwa, alitaka mama afikie kwake. Nikang'ang'ania. Nilisema atakaa kwangu mpaka siku ya tiketi yake. Sikusema kwa nini, maana ningetaniwa: nilikuwa nataka tu kuamka na kumsikia mtu anakohoa jikoni, na mtu huyo awe mama.

Siku ya pili akasimama mbele ya rafu, miwani mkononi.

"Hawa wanamkimbia nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ndivyo walivyokuwa wanachora."

"Na taa kawasha nani?"

Safu tano za wino, ghorofa zote nimehesabu, na swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nikamwambia chai inapoa.

Kabla wiki haijaisha akaniweka chini. "Humu siwezi kukaa, baba. Ukienda kazini nabaki nao. Wote wananipita mbio, hakuna hata mmoja anayesimama kuniambia kuna nini huko." Alikuwa ameshampigia kaka, na kaka akanipigia mimi.

"Bwana mdogo, umemleta mama Marekani aje kukaa na majini ya karatasi? Jumamosi ijayo nakuja kumchukua."

"Ni vitabu tu, kaka."

"Basi oa mmoja, mama apate wa kuongea naye."

Alhamisi niliporudi kutoka kazini, jua likiwa bado kali, rafu nzima ilikuwa ya kaki. Chini ya sinki nilikuwa na rundo la mifuko ya kaki ya dukani, maana mtu wa ndani hatupi kitu. Mama alikuwa ameikata yote na kuvipiga vitabu kava, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akitupigia madaftari kila Januari shule zikifunguliwa: bila gundi, kona zimekunjwa, kaki imenyooka kama imepigwa pasi. Vikaratasi vyangu vya namba alivikuta, akaviona takataka, akavitupa.

"Nimewavalisha," akasema. "Sasa watatulia."

Nikakaa chini. Vitabu mia mbili na kumi na nne vinavyofanana kama matofali, na orodha yangu haikuwa na kazi tena. Lakini jioni ile mama alikula akashiba, hakutaja Carrollton. Kama kaki itamweka mama hapa, basi iwe kaki.

Jumatatu niliporudi, kitabu cha mwisho upande wa kulia kilikuwa kimekunjwa kona kinyume. Jumanne vikawa vinne. Kaki ilikuwa na mikunjo miwili, wa zamani na mpya, kama vile mtu alikivua kitabu, akakitazama, akakivalisha tena. Mama yuko mbele ya televisheni, hana habari. Mlango una funguo mbili, moja yangu, moja yake, na yeye hatoki. Aende wapi bila gari?

Nilipokuwa naziona sura za wasichana wale sikuwahi kuwaogopa. Sasa nilikuwa nakula chakula nimeielekea rafu, sithubutu kuipa mgongo. Walikaa pale kama watu waliojifunika shuka mpaka kichwani, wanasubiri uondoke ndipo wafunue.

Jumatano niliaga mapema kazini. Nilipofungua mlango taratibu nikasikia karatasi, kra, kra, na sauti ya mama, ya chini, ya upole: "Si wewe. Na wewe siye. Haya, rudi."

Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vitabu. Hakushtuka.

"Namtafuta yule anayerudi," akasema.

"Anayerudi wapi?"

"Ndani. Wenzake wote wanatoka, yeye anarudi kwenye nyumba, katupa mgongo. Siku ile nilimfunika haraka haraka kwa woga. Mwanangu, ule ni mgongo wa dada yangu."

Huyo dada yake, mama yangu mkubwa, alifariki akiwa msichana. Hakuwahi kupigwa picha hata moja.

Nikaingia chumbani nikafungua kaunta buku. Nilijua nilichoandika, lakini nikapita mstari kwa mstari. Anatazama kushoto. Anatazama nyuma. Anakimbia, anakimbia, anakimbia. Hakuna anayerudi. Hapo ndipo ningemwambia, na sikumwambia.

Jumamosi kaka akaja. "Nime-drive masaa manne, mama. Watoto wamekuandalia chumba, twende."

"Siendi, baba. Kuna mtu hatujampata."

Kaka akanigeukia. "Mtu gani?"

Sentensi moja tu ilitosha. Ningesema hakuna kitabu kama hicho, mama angechukua begi lake na mimi ningebaki na matofali yangu. Mama alikuwa ananitazama usoni.

"Yupo," nikasema. "Nimemwandika kwenye orodha."

Kaka alikunywa chai, akatutazama kwa zamu, akasema, "Sasa mmekuwa wawili," akarudi Carrollton peke yake.

Mama akakunja mikono ya gauni, tukaanza na rafu ya juu. Yeye anavua kaki, mimi napokea kitabu. "Siye," anasema, na mimi nashusha pumzi. Kufikia cha kumi na mbili nilijigundua: kila kaki ikianza kufunguka, nilikuwa nachungulia kabla yake, nimekaza meno, mimi niliyejua kwa mwandiko wangu mwenyewe kwamba hayupo.