Blauzi za Dada, Mabega Yangu

Juzi nilipita mtaa wa Kawale, nikakuta pale palipokuwa na wauza kaunjika, yaani mitumba, pamejengwa vibanda vya simu. Nilisimama, nikakasirika. Usinicheke, ndugu yangu. Nguo zile zilizomwagwa juu ya plastiki nilizichukia sana, lakini bado nilitaka kuziona.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, tukiishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Dada yangu alijua Kifaransa, akapata kazi ya kutafsiri katika ofisi moja ya City Centre. Ghafla nyumba nzima ikawa yake. Yai likikaangwa, la dada. Sabuni ya kunukia, ya dada. Mimi nikabaki na ndoo za maji na kusonga nsima, ugali wa huku, na wivu umenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja, dada akiwa kazini, mama alinichukua twende kumchagulia blauzi za ofisini, mwenyewe akisema za biro, kwa sababu mabega yetu yalilingana. Tulipanda matola, pikapu ya mizigo, tukakaa juu ya magunia ya mahindi. Tulifika Kawale marobota yakifunguliwa, na ile harufu ya dawa ya mitumba ikitutangulia.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alinusa kwapa za blauzi. Kisha aliinua kitambaa juani, aone kama kinaonyesha ndani. Kilichopita hapo alinivalisha juu ya gauni langu.

“Inua mikono. Sasa inama, sawa unaokota karatasi. Mu biro mutu anainama kila saa.”

Niliinama, nikainuka, nikavua, nikavaa nyingine. Ndipo ikaja moja ya samawati, yenye vifungo vidogo vyeupe. Mama alirudi nyuma kidogo akanitazama, uso ukamchangamka. Hakuwahi kunitazama vile, na sikutaka kuivua.

“Mama, hii uniachie mimi.”

“We uko na biro gani? Vua, utaichafua!”

Muuzaji, mama mmoja wa Kindu, huko nchini kwetu, aliyekuwa jirani yetu kambini, alicheka akashika kiuno. “Batoto ba sasa! Banataka biro mbele ya kumaliza masomo!”

Niliivua huku nikilia. Jumapili dada aliivaa kanisani, na akina mama wakamzunguka wakisema imemkaa kana kwamba ameshonewa yeye. Mama alitabasamu tu. Hakusema ilipimwa kwa mabega ya nani.

Miaka ikapita. Dada akahamia ng'ambo, mimi nikasoma, nikapata ofisi yangu. Mama alikuwa haoni tena. Asubuhi ya kwanza ya kazi nilivaa blauzi mpya, nikapiga magoti mbele yake ili anipapase. Alipitisha vidole kwenye kola, akashuka kwenye mshono wa kwapa, akanishika mabega yote mawili.

“Iko muzuri,” akasema. “Mupelekee dada yako.”

Niliinuka nikaenda kazini. Leo mama hayupo, na hakuna tena wa kuninusia nguo kabla sijainunua. Dada hupiga simu kutoka huko aliko, hunililia, huniambia mimi ndiye niliyebarikiwa, maana nilibaki na mama hadi siku ya mwisho. Ananionea wivu. Mimi!