Waume Watatu wa Amne na Muuaji wa Kwenye Runinga

Amne Sadala alikuwa ameolewa mara tatu na kuachana mara tatu, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya wateja huku akigeuza chapati. Genge lake lilikuwa Ngombezi, jirani na nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Watu wa tamthilia walipokuja kutoka Dar es Salaam kupiga picha pale, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwapikia.

Siku ya tatu chakula kilipoa wakirudia kipande kilekile. Dunstan, mwigizaji wa kifua kipana, alikuwa mume katili anayepanga kumuua mkewe. Alinguruma, akapiga meza teke, akavunja sahani. Kila alipomaliza, mwongozaji, kijana aitwaye Godlisten, alisema, "Kata! Haiogopeshi. Ongeza sauti."

Mara ya kumi na moja sahani iliyovunjika ilikuwa ya Amne. Akaweka mwiko chini.

"Mwanangu, huyo haui mtu."

"Shikamoo mama," alijibu Godlisten, kwa sauti ya mtu anayetaka kuachwa afanye kazi. "Kwa nini haui?"

"Marahaba. Kelele zote zimeshamtoka. Atabaki na nini cha kuulia?"

Watu wakacheka. Amne akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kuwaeleza habari za waume zake.

Wa kwanza, Muhidini, alikuwa na hasira za petroli. "Sisemi hakuwa hatari, pengo hili la jino ni kazi yake. Lakini ulimsikia anakuja tangu kituo cha basi, ukapata muda wa kukimbia." Wa pili, Abdulaziz, alikuwa mcheshi, kipenzi cha watu. Alimpiga mara moja tu, halafu akaangua kilio yeye, mpaka majirani wakaja kumpa pole. "Mimi jicho limevimba, na bado nikawachemshia chai waliokuja kumbembeleza."

"Na wa tatu?" aliuliza Dunstan.

Wa tatu alikuwa Mhina, fundi cherehani, mpole, hajawahi kupaza sauti. Amne alikwenda Mkumbara kumuuguza dada yake, akachelewa kurudi siku mbili. Mhina hakuuliza kitu. Siku nane hakutamka neno. Siku ya tisa Amne alitoka kuchota maji, na aliporudi alikuta kuku wake wote saba wamechinjwa na kulazwa kwenye mkeka, vichwa upande mmoja, wamepangwa kwa ukubwa. Kisu kimeoshwa. Mhina anapiga pasi suruali ya mteja.

"Akaniuliza, 'Chai ipo?' Nikamwambia ipo. Nikatokea mlango wa nyuma, sijarudi mpaka leo."

Amne akamalizia kwamba Mhina aliapa mbele ya wazee kuwa hajui lolote, na wazee wakaamua ni kicheche, yule mnyama mwizi wa kuku. "Kicheche anayepanga kwa ukubwa," alisema, "huyo angepewa unyapara kiwanda cha mkonge."

Godlisten alibadilisha kipande siku hiyohiyo. Dunstan alipiga pasi kimyakimya tu, na dada aliyeigiza mkewe akasahau maneno kwa woga. Kuku wakawa tisa, kwa kuwa saba, alisema Godlisten, hawajazi kioo cha runinga.

Baada ya miezi minne tamthilia ikaonyeshwa. Kesho yake asubuhi, genge likiwa limejaa, Mhina alishuka kwenye bodaboda iliyotoka Korogwe mjini, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Amne! Umenichafua! Kila mteja ananiuliza habari za kuku!"

Kwa mara ya kwanza Amne alisikia sauti ya Mhina ikipanda.

"Kuku gani, baba? Si alikuwa kicheche?"

"Tena mmetia uongo! Tisa! Tisa wametoka wapi? Walikuwa saba, niliwapanga mwenyewe!"

Mzee Mustafa, mmoja wa wale wazee wa kicheche, alikuwa na chapati mkononi, hajaifikisha mdomoni.

"Uliwapanga?" aliuliza.

Mhina akageuka kutafuta bodaboda, ilikuwa imeshaondoka. Ikambidi apite katikati ya meza zote, watu wakikunja miguu kumpisha, mpaka barabarani.

Kwa miaka kumi na moja Amne alikuwa ametunza hotuba ya siku hiyo, na matusi mazito ya Kizigua ndani yake. Haikutoka hata silabi. Akaushika mwiko kwa mikono yote miwili.

"Amne, mwanangu," alisema Mzee Mustafa, "tulikukosea."

"Mlinikosea sana, mzee."

Akaenda nyuma ya jiko, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Aliporudi, mteja mmoja alikuwa anajichotea mchuzi mwenyewe, Amne akamnyang'anya upawa na kumkaripia kwa sauti iliyofika mpaka kiwandani.