Uji wa Kanisani

Juzi, nikipita nyuma ya jiko la hospitali hapa Korogwe, nilisikia harufu ya uji ulioshika chini ya sufuria, nikasimama.

Nilikuwa mtoto kule Handeni, mwaka ambao mahindi yalikauka kabla hayajafika magotini. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni hadi kanisani, ambako dada mmoja mzungu aliyekuja kujitolea aligawia watoto uji. Sisi ni Waislamu, lakini mama aliniambia, "Nenda tu, mwanangu. Mtoto anaisha."

Yule dada alimpakata mdogo wangu, akamnywesha kwa kijiko. Uji ukamtoka pembeni mwa mdomo. Akaufuta kwa kidole, akajaribu tena, huku akinong'ona sala kwa lugha yake. Watoto wengine wakanywa, wakaondoka, yeye bado ameshika kijiko. Mwishowe mtoto akameza. Dada akacheka kwa sauti, nami nikacheka.

Tulikwenda siku tatu. Alfajiri ya siku ya nne mdogo wangu hakuamka.

Wanaume walipokwenda kuzika, yule dada alikuja kwa miguu hadi nyumbani, akaketi mkekani na akina mama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alisema, "Nisamehe, mama," akaangua kilio. Mama, ambaye hakuwa amelia tangu asubuhi, akamvuta kifuani.

"Nyamaza, mwanangu," akamwambia. "Ulimshibisha. Hakuondoka na njaa."

Mimi ndiye niliyembeba. Nilijua hakushiba hata siku moja.