Kufunga na Kukaza

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nifunge gurudumu, na niliona nimedharauliwa. Ilikuwa karakana ndogo nyuma ya safu ya maduka kule Kenton, kaskazini-magharibi ya London, katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nimetoka Pemba kwa njia ndefu ambayo si habari ya leo, lakini ufundi nilikuja nao. Nilifunzwa katika karakana ya serikali, kwenye malori ambayo kipuri kikikosekana tulikichonga wenyewe. Gurudumu ni kazi ya mwanagenzi.

Mwenye karakana alikuwa Bwana Kantilal, Mhindi wa Kisumu, ambaye sote tulimwita Bosi. Alisimama nyuma yangu mikono mfukoni mpaka nikamaliza.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Bosi."

"Umefunga ama umekaza?"

Nikamwambia kwetu ni mamoja.

"Hapa si mamoja. Kufunga ni mkono. Nati inaingia kwa vidole mpaka inashika, basi. Kukaza ni spana, na gari iko chini. Ukiniambia umefunga, mimi nasikia kazi bado. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bosi."

"Haya, ondoa zote. Anza tena."

Nilikasirika, kisha nikaona maana yake. Gari likiwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia na halijakaa sawasawa kwenye habu, yaani kitovu kinacholibeba. Ukizikaza nati pale pale, unaweza kulikaza likiwa limepinda. Kwa hiyo unazifunga kwa vidole, unashusha gari, halafu unachukua spana ya kipimo, ile inayolia "tak" nati ikifikia nguvu yake, na unakaza kwa kukingamana: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia. Mwisho unatia kila nati kidoa cha rangi nyeupe. Gurudumu lisilo na vidoa halitoki mlangoni. Baada ya hapo Bosi hupita mwenyewe, akigusa kila kidoa kwa kidole.

Kulikuwa na sababu ya kuyakazania maneno. Tulikuwa watu watatu na Kiswahili cha namna tatu. Mimi nilikuwa na cha Pemba, Bosi na cha Kisumu, na mchomeleaji wetu, Mzee Kazadi, na cha Lubumbashi. Mtu chini ya gari hamwoni mwenzake uso. Anasikia neno tu, na neno lisipokuwa moja kwa wote, mtu anaumia. Tukakubaliana juu ya maneno ya Bosi, na muda si mrefu nikasahau kwamba nje ya mlango ule watu walisema vingine.

Vijana huniuliza siku hizi wapenda magari wa wakati ule walipenda nini hasa. Walikuwa kambi mbili, na zote zililetwa kwetu. Ya kwanza ni ya Wamarekani: magari ya miaka ya sitini na mwanzo wa sabini, marefu, mazito, injini ya silinda nane iliyopangwa kwa umbo la V, usukani kushoto. Wenyewe walikuwa watu wazima, mafundi bomba na wenye maduka, na walichotaka ni gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Hata skrubu ikiota kutu walitaka skrubu ya mwaka ule ule. Breki za magari yale zilikuwa dhaifu kwa uzito wake, na kabureta ilitaka kubembelezwa kila asubuhi ya baridi. Lakini yalikuwa magari yanayosema. Beringi ikianza kuchoka, dereva aliisikia kwenye kiti kabla fundi hajaifungua.

Kambi ya pili ni ya vijana na magari yaliyoagizwa kutoka Japani. Madogo, mepesi, usukani kulia kama wetu. Kwao gari la kiwandani lilikuwa malighafi. Walibadilisha turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, wakaweka kubwa zaidi. Walitoa springi wakatia fupi na ngumu mpaka gari likakaribia kulala barabarani. Walibadilisha egzosi, yaani bomba la moshi, na viti, na kompyuta ya injini. Baadhi ya kazi zao zilikuwa safi kabisa, nyingine zilinitisha.

Jumapili walikutana kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya ghala moja upande wa Harrow, kambi moja huku, nyingine kule, na katikati nafasi tupu ambayo hakuna aliyeegesha. Matusi yalipita juu ya nafasi ile kwa Kiingereza. Nikiyatia Kiswahili, la wazee lilikuwa "cherehani" na la vijana "kabati la bibi". Mzee Kazadi alikuwa na lake: "Moja inakunywa petroli kama mulevi, ingine inalia kama mutoto hajanyonya. Sisi tunakula kwa zote mbili, Ndugu Haroub. Tunyamaze."

Bosi hakunyamaza. Alikuwa na gari lake la Kimarekani, la kijani kibichi, lililokaa kona ya ndani ya karakana chini ya turubai. Alipokuwa mtoto Kisumu, mwenye kiwanda cha pamba alikuwa na la namna ile, na baba yake Bosi alikuwa karani pale. "Ikiwashwa," alituambia, "vikombe vinacheza kabatini kwetu. Nyumba ya tatu!" Alilitengeneza kwa miaka, kipande kwa kipande, na magari ya Kijapani alituachia sisi. Hakutaka hata kuyainamia.

Mwanawe wa pekee, Nilesh, alikuwa kambi ya pili.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja, maana yote yaliyofuata yalitoka humo. Bosi hakumruhusu Nilesh kuingia karakana tangu utotoni. Alitaka asome, awe mhasibu, asijue harufu ya grisi. Akija kumletea baba yake chakula aliachwa mlangoni. Kiswahili alikisikia nyumbani, kwa bibi yake na wazazi wake, akakielewa chote cha jikoni na cha kugombezwa, lakini alijibu kwa Kiingereza. Magari akajifunza kwingine, kwa marafiki na magazeti. Alipofika miaka ya ishirini alikuwa mhasibu kweli, na mshahara wote ukaingia kwenye gari dogo jeupe la Kijapani.

Waligombana mlangoni pale pale, baba kwa Kiswahili, mwana kwa Kiingereza.

"Hiyo gari yako inatetemeka yote," Bosi alimwambia siku moja. "Siku iko na kitu ya kukuambia, utasikiaje?"

"Gari lako lilikwisha kabla sijazaliwa, Dad. Langu bado linatengenezwa."

"Na nani? Na watoto wenzako?"

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili hivi wakaacha hata kugombana. Nilesh alihamia chumba cha kupanga Thornton Heath, upande wa pili wa mji. Mama yake akawa anamtumia salamu kupitia kwangu. Bosi hakuuliza, lakini nikitaja jina la mtoto aliacha kazi mpaka nimalize.

Kisha Jumapili moja asubuhi Nilesh alikuja mwenyewe. Breki za mbele zilikuwa zinapiga kelele, na mchana ulikuwa mkutano wa Harrow. Alisimama mlangoni kama zamani na kuniomba mimi: "Uncle, una nafasi?" Kabla sijajibu, Bosi alisema kutoka ndani, "Leta. Mimi mwenyewe."

Mzee Kazadi aliinua barakoa yake ya kuchomelea ili aone vizuri.

Bosi alilipandisha gari kwenye jeki na kuingia chini na taa. Alikaa kule muda mrefu kuliko breki zinavyohitaji. Aliniita.

"Nani alichomea hii egzosi?"

"Mwenyewe, Bosi. Aliniambia."

"Amechomea vizuri."

"Vizuri sana."

"Hakuna mtu alimfundisha," akasema, na hakuniangalia.

Alibadilisha pedi na diski kwa mikono yake. Mwanawe alikuwa amekwenda kununua chai dukani. Mimi nilitumwa Harrow kuchukua oili ya breki, kwa kuwa Bosi hakuipenda iliyokuwapo. Alitaka mpya kwa kazi ile.

Niliporudi gari halikuwapo. Jeki lilikuwa chini. Sakafuni, kando ya pale lilipokuwa gurudumu la mbele la kulia, kulikuwa na kitambaa safi kimetandikwa, na juu yake spana ya kipimo na kikopo cha rangi nyeupe, kifuniko kimefunguliwa, brashi bado kavu. Bosi alikuwa anatoka ofisini, simu ndiyo kwanza ameiweka. Aliangalia sakafu. Akaniangalia mimi, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba nimelisogeza gari.

Mzee Kazadi ndiye aliyekuwapo. "Simu ililia," alisema. "Mutoto akaingia, akauliza na Kingereza kama iko tayari. Baba akamujibu, 'Nimefunga.' Akaenda ku simu. Mutoto akasema asante, akabeba motokari. Mi nilishusha barakoa, nikaanza kuchomea." Aliivua barakoa. "Ile asante, Ndugu Haroub, sikuisikia hata siku moja mbele ya leo."

Tulitoka kumfuata na gari la karakana, Bosi akiwa amebeba spana mapajani. Kwenye gari lolote la kawaida, nati zikianza kulegea usukani hutikisika na dereva husimama. Gari la Nilesh lilikuwa na springi ngumu kama ubao, likitikisika siku zote. Tulikuta foleni ya magari imesimama, na polisi.

Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko. Gari lilipiga nguzo ya daraja upande wa dereva. Hakuumia mtu mwingine. Nilesh alinusurika, lakini mguu wa kulia walimkata juu ya goti.

Mkaguzi wa polisi alikuja karakana. Aliuliza nani alishika gurudumu lile, na Bosi akajibu, "Mimi," wala hakuongeza neno. Hakutaja simu, hakutaja kitambaa. Lakini kwenye uwanja wa Harrow maneno yalikwishaenea: mzee yule aliyechukia magari ya Kijapani ameliacha gurudumu bila kulikaza makusudi. Vijana walianza kupita mbele ya mlango wetu wakipiga honi. Mtu akaandika ukutani neno ambalo Mzee Kazadi alilisugua kwa brashi ya waya.

Hayo yangevumilika. Lisilovumilika ni kwamba Nilesh naye aliamini. Si kwamba baba yake alitaka kumuua. Aliamini baba yake hakulijali gari lile kiasi cha kulimaliza. Bosi alipokwenda hospitali, mtoto aligeukia ukuta.

Nikaenda mimi. Nilimweleza kufunga ni nini na kukaza ni nini, na kwamba kwetu aliyesema amefunga amesema kazi bado. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uncle," alisema kwa Kiingereza, "nyumbani kwetu funga ni kumaliza. Funga mlango. Funga bomba. Funga mdomo. Hilo la kwenu mimi ningelijua wapi?"

Alisema kweli. Nikamwambia habari ya kitambaa na brashi kavu.

"La kwake la kijani angeliacha na kwenda kupokea simu?" aliuliza.

Nilirudi na swali hilo na sikumfikishia mwenyewe.

Karakana iliendelea miaka michache. Vijana wa magari ya Kijapani hawakuja tena, na wazee wa silinda nane wakapungua mmoja mmoja, mafuta yalipopanda na viuno vilipoanza kuuma. Gari la kijani halikuwashwa tena. Turubai likaota ukungu, panya wakatafuna waya. Bosi aliendelea kupita jioni akigusa vidoa vyeupe, lakini sasa alivigusa mara mbili, na mara nyingine alirudi kutoka barabarani, ameshavaa koti, akavigusa tena. Neno "nimefunga" likafa karakanani bila kukatazwa. Tulisema "bado" au tulisema "nimekaza".

Nilistaafu mgongo uliponikataa. Nina pensheni ndogo, nyumba ya halmashauri, na wajukuu wanaonielewa ninaposema na kunijibu kwa Kiingereza. Wanaponiuliza gari gani lilikuwa bora, nasema nililala chini ya yote mawili, na kutoka chini hufanana kuliko wenyewe wanavyodhani. Nikiingia nao garini nawaambia wafunge mikanda. Wakisema tayari, ninauvuta kila mmoja kwa mkono wangu, na wananicheka.

Bosi alifariki mwaka mmoja baada ya kustaafu kwangu. Mwili uliletwa nyumbani Kenton kama desturi yao, jeneza wazi sebuleni, watu wakazunguka na maua. Mimi na Mzee Kazadi tulisimama karibu na mlango, kama alivyokuwa akisimama Nilesh kwenye mlango wa karakana na chakula cha baba yake. Nilesh alikuwa kichwani pa jeneza, amesimama kwa mguu wa bandia, ameegemea fimbo. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu hospitali.

Mzishi, Mwingereza wa koti jeusi, alileta kifuniko na kutoa skrubu zake mfukoni. Nilesh alinyoosha mkono akaziomba. Alimpa mama yake fimbo. Akaziingiza zote kwa vidole kwanza, mpaka kila moja ikashika. Kisha akachukua bisibisi na kuanza kukingamanisha: ya juu kushoto, ya chini kulia, ya juu kulia, ya chini kushoto. Mzishi alitazama saa. Hakuna aliyemharakisha.

Alipomaliza alinitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Nimekaza, Uncle," alisema, kwa Kiswahili.

Nikaenda mpaka kwenye jeneza, nikazigusa moja moja kwa kidole.