Jiwe la Kuagania

Sanduku langu limejaa na halitaki kufungika. Wiki ijayo napanda ndege kwenda Ufini kufanya kazi ya uuguzi, na moyo unanidunda kwa furaha kama wa mtoto. Nimenunua koti zito la mtumba pale Tunduma, nikalijaribu sokoni jua likiwaka, watu wakanicheka. Sikujali. Mimi nimeshawahi kuhama nchi, rafiki yangu, nikiwa na miaka tisa, na siku hiyo pia nilivaa nguo za baridi juani.

Tulikuwa tunakaa Tunduma, mpakani na Zambia, kwa bibi, mama yake mama. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, kila mwenye nguvu anauza kitu, na mama alikuwa anawauzia Wazambia mchele. Siku moja akarudi na habari: "Tunahamia Zambia. Nimepata nyumba yenye kibanda cha duka." Mimi sikuuliza ni Zambia ya wapi. Utashangaa, maana mtoto wa Tunduma hutumwa Zambia kununua mkate na kurudi chai haijapoa. Lakini kwangu kununua mkate lilikuwa jambo moja, na kuhama jambo jingine kabisa. Kuhama ni kule yanakoelekea mabasi, siku mbili njiani, mnalala mmekaa.

Basi nikajiandaa. Kila asubuhi nikifagia uwanja niliwaamkia kuku wa bibi kwa Kibemba cha Zambia, "Mulishani mukwai," mpaka wakaacha kunikimbia. Nikagawa mali yangu yote: kamba ya kurukia kwa jirani, mpira wa rede, ule mchezo wa kukimbia huku na huku ukikwepa mpira, kwa mdogo wake. Shuleni mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa, akatangaza kwamba mwenzenu anakwenda nchi za nje. Darasa zima likaniimbia, wawili wakalia, nami nikaahidi kuwaandikia barua mmoja mmoja. Siku zile chakula kilikuwa hakipiti kwa furaha.

Kitu kimoja tu kilinikosesha raha. Bibi alikataa kuhama. "Babu yenu amelala hapa," alisema. "Mkiondoka wote, nani atamfagilia kaburi?" Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa, na sikujua mtu kama huyo anaachwaje. Yeye alijua vizuri tunakokwenda, lakini hakunicheka. Alifumua sweta lake kuukuu akanifumia jipya. Alichinja jogoo, akamkaanga, akamfunga kwenye kitambaa pamoja na karanga na viazi vitamu. "Masurufu hayo," akaniambia. "Usiguse mpaka uone njaa ya safari."

Siku ikafika. Mkokoteni ukapakiwa magodoro, masufuria, na mimi juu yake, sweta nimelifunga vifungo vyote. Bibi alitusindikiza kwa miguu. Tukavuka barabara, tukapita jiwe jeupe la mpaka, askari akamwamkia mama kama kila siku, tukakata kona nyuma ya maduka. Mkokoteni ukasimama kwenye nyumba yenye mlango wa bluu.

"Tunapumzika?" nikauliza.

"Tumefika," akasema mama.

Nilisimama juu ya magodoro nikatazama tulikotoka. Bati la nyumba ya bibi lilionekana pale pale, na tairi bovu tulilolilaza juu yake lisiezuliwe na upepo. Nililia kwa aibu. Darasa zima limeniimbia! Kwa wiki nzima baadaye, nikiona tu sare ya shule yetu naingia chini ya meza ya mchele. Bibi akakaa chini, akafungua kitambaa chake taratibu. "Haya, msafiri," akasema, "tule. Safari imekuchosha."

Jioni akaaga. Kwetu mgeni unatoka naye, humuagi ukiwa umekaa. Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Akageuka akaniambia, "Sasa wewe ndiye mgeni wangu. Nitakuachaje urudi peke yako?" Akanirudisha. Nami nikamrudisha. Mara ya tatu mama alitoka na mwiko wa ugali mkononi.

"Nyie wawili, mnahama au mnacheza rede?"

Tulicheka mpaka bibi akashika kiuno. Halafu yeye ndiye akaamua: tutaagana kwenye jiwe la mpaka, "wewe kwako, mimi kwangu, na hakuna kugeuka nyuma." Tukafanya hivyo jioni ile, na jioni karibu zote mpaka nilipokwenda sekondari. Bibi hakugeuka hata siku moja. Najua, kwa sababu mimi niligeuka kila mara.

Juzi nilikwenda kumuaga. Jiwe halipo tena, sijui limefukiwa na lami au na foleni ya malori. Njia yetu imezibwa na uzio, na penye mlango wa bluu pana ghorofa la maduka ya spea za magari. Mama alisharudi upande huu, ndiye anayemtunza bibi, ambaye miguu imechoka na nje hatoki. Bibi alilipapasa koti langu, akahesabu vifungo kwa vidole, akaridhika. Nilipoaga akaomba fimbo yake. Akanisindikiza kutoka kitandani mpaka mlangoni, hatua zisizofika kumi. Nami nikamrudisha mpaka kitandani. Akainuka tena. Mama akatoka jikoni na mwiko, akatuona, na safari hii akarudi zake jikoni.

Mara ya tatu bibi aliinama, akailaza fimbo kizingitini.

"Jiwe ndilo hili," akasema. "Wewe kwako, mimi kwangu."

Nikaivuka. Nilitembea mpaka mwisho wa uwanja ule niliokuwa naufagia, furaha na machozi vikinipanda pamoja. Fimbo ilikuwa bado imelala kizingitini, na bibi alikuwa anarudi kitandani peke yake, ameshika ukuta. Kama kawaida, niliyegeuka ni mimi.