Firigisi ya Mwenye Nyumba

Kama hujawahi kupika bata mzinga, nianze kwa kukuambia usimwogope. Ni kuku tu aliyekula akazidisha. Mimi nilipofika Minnesota nilimwogopa sana, nikawa kila Sikukuu ya Shukrani, ambapo huku kila nyumba hula bata mzinga, napika pilau na mbuzi, na binti yangu anarudi shuleni hana la kuwasimulia wenzake. Siku hizi akina mama wa kanisani hunipigia simu wiki nzima kabla ya sikukuu kuniuliza nafanyaje, nami hujibu kwa madaha, kana kwamba nilizaliwa na bata mzinga mkononi.

Siri ni chumvi. Unamloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na mabua ya dhania. Mabua usiyatupe, harufu yote imo humo. Sufuria yangu ni ile kubwa ya kupikia watu wa harusini, haiingii kwenye friji yoyote, kwa hiyo naiweka gereji. Huku Blaine, mwezi wa kumi na moja, gereji ni friji ya bure. Asubuhi unamtoa bata wako, unamkausha vizuri kwa taulo safi, kisha unaingiza mkono chini ya ngozi ya kifua na kumpaka siagi yenye pilipili manga na bizari. Wengi hupaka siagi juu ya ngozi, halafu wanashangaa nyama imekuwa kavu kama ubao. Siagi ni ya chini ya ngozi. Ya juu ni mapambo tu.

Lakini mwaka ninaotaka kuusimulia, bata mzinga hakuwa shida yangu. Shida yangu ilikuwa mume wangu.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amepata mchumba. Kijana wa hapa hapa, walikutana chuoni. Mzungu, mrefu, mpole, anayecheka kabla hujamaliza mzaha wako. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza, nasema wazi. Huenda mume wangu naye angempenda, ila kijana alipoingia kwetu mara ya kwanza alinyoosha mkono mmoja, akamwita mume wangu kwa jina lake la kwanza, kisha akaketi kwenye kiti cha mzee mwenyewe. Huku hiyo ni heshima, mtu anakuonyesha kwamba yuko huru nawe. Kwetu magharibi mwa Kenya, hata mimi mkewe sijawahi kumwita kwa jina hilo. Tangu siku hiyo kijana akawa "yule". Yule amepiga simu. Yule bado yupo? Yule haendi kwao?

Majani yalipoanza kupukutika, binti alikuja jikoni, akaegemea friji, akaniambia kijana amemwomba wafunge ndoa.

"Nawe ukamwambia nini?"

"I said yes. Lakini Mum, kama Dad atakataa, siwezi. I can't do it without him."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Huyu ni mtoto anayenijibu kwa Kiingereza hata nikimwamkua kwa Kiswahili. Nilipomsikia anahangaika kuchanganya maneno namna hiyo, nilijua mambo yamemfika. Nikamwambia amlete kijana pamoja na mama yake tule nao Sikukuu ya Shukrani.

"Baba yako niachie mimi," nikasema, nikiwa sina mpango wowote kichwani.

Mume wangu aliposikia, alijiandikisha kwenda kazini siku hiyo hiyo. Sote wawili ni wauguzi, na zamu za sikukuu hulipa vizuri, kwa hiyo alidhani amepata kisingizio. Nilimwambia aende tu, ila ajue kwamba kuanzia siku hiyo atajinunulia chakula kwenye mashine ya kazini mpaka Pasaka. Akatafuta mtu wa kumwachia zamu.

"Nitaketi, nitakula," akasema. "Sitaongea."

"Wewe kula tu," nikamwambia. Sasa nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa firigisi.

Kwa mtu asiyetoka kwetu, firigisi ni kipande cha nyama ngumu kilichomo tumboni mwa kuku. Kwetu, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hailiwi na mtoto, hailiwi na mke. Mwenye nyumba mwenyewe anaweza kumpa mgeni, na akishampa hana haja ya kusema zaidi, kila mtu amejua huyo ni wa nyumbani. Mke akiandaa kuku asiye na firigisi ana maelezo ya kutoa. Shangazi yangu mmoja alirudishwa kwao kwa sababu yake, na hakupokewa mpaka aliporudi amekumbatia jogoo mzima.

Mume wangu ameishi Amerika miaka mingi. Anavaa kofia za timu za hapa, analalamikia kodi za hapa, anasukuma theluji kuliko jirani yeyote. Firigisi hajaiachia. Bata mzinga wa dukani huja na yake ndani ya mfuko mdogo wa karatasi uliochomekwa tumboni, pamoja na shingo. Kila mwaka naitoa, naichemsha ikalainika, kisha dakika za mwisho naikaanga na kitunguu na nyanya, naiweka kwenye sahani yake. Ni firigisi kubwa, inajaza kiganja. Mume aliyekwisha kula firigisi hiyo anakuwa mwepesi wa kusikiliza, nami nilipanga kungoja aitafune mpaka mwisho ndipo nimgusie habari za harusi.

Siku yenyewe niliamka nikiimba. Theluji ilikuwa imeanguka ikafunika kila kitu, na nyumba ilikuwa na joto la oveni. Siku iliyotangulia nilikwenda mtaa wa Frogtown, kwenye duka moja la University Avenue ninakopata kunde na dhania isiyonyauka, na nikanunua vingi kuliko nilivyohitaji kwa ile furaha tu ya kununua. Mwanangu anaolewa! Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na ilikuwa inanitoboa mbavu.

Mama yake kijana alifika mapema kuliko tulivyopatana, peke yake, kaendesha kutoka Lakeville kwenye barafu ile, na ndani ya mkoba wake amebeba aproni. Aproni yake mwenyewe! Nilimpenda hapo hapo. Mwanamke anayekuja kwako na aproni hakuja kukagua mapazia. Alileta pai ya malenge, na kopo la malenge yaliyopondwa ambalo lilimbakia, akaniuliza kama nina la kulifanyia.

Ninalo! Nilimfundisha chapati za malenge. Unga, chumvi, mafuta kidogo, malenge badala ya sehemu kubwa ya maji. Ukande mpaka uache kushika vidole, uufunike kwa kitambaa upumzike, na usiuharakishe hata wageni wakipiga hodi. Chapati yake ya kwanza ilitoka na pembe nne na mkia. Tuliiweka kwenye kikaango hivyo hivyo, ikavimba, akapiga makofi. Tukaila kwa kuigawana, imetuunguza vidole, hata chumvi hatukuihisi kwa kicheko.

"Na gravy atapika nani?" akaniuliza.

Nikamwambia nina mchuzi wa nyanya. Akaweka mkono kifuani, akanitazama kwa huruma. Bila ule mchuzi wao mzito wa kahawia, akasema, sikukuu haijafika. Akanipa mapishi ya mama yake, nami nakupa wewe bure. Chukua mafuta yaliyodondoka chini ya bata, uyaweke kwenye sufuria, ukaange unga mweupe ndani yake taratibu mpaka uwe na rangi ya karanga. Kisha utie supu kidogo kidogo huku unakoroga. Usiache kukoroga hata simu ikilia, maana ukiacha utakula madonge. Mimi ninayejiona najua kila kitu nilisimama pale na mwiko wangu, nasikiliza kwa makini, nimefurahi mno.

Hapo mume wangu akaniita kutoka ghorofani. Haoni shati lake. Nilipanda, nikalikuta limetundikwa mbele ya uso wake. Hakuwa na shida ya shati. Alitaka kujua huyo mama amekuja mapema kufanya nini, na kwa nini tunacheka hivyo. Nilimfunga vifungo kimoja kimoja, nikimwambia maneno matamu, na mengine yasiyo matamu, na tulichukua muda.

Niliposhuka, jikoni palinukia ajabu. Mwenzangu alikuwa anakoroga mchuzi, uso umemng'aa.

"Nimekuta umeshaniandalia kila kitu," akasema. "Shingo, na firigisi umekwisha kuichemsha! Watu siku hizi huzitupa. Mama yangu alikuwa anasema ladha yote iko hapo."

Nilitazama ubao wa kukatia, umelowa. Nikatazama bakuli dogo nililoliacha karibu na jiko, limefunikwa kwa kisahani. Kisahani kilikuwa pembeni na bakuli lilikuwa tupu. Alikuwa ameikatakata firigisi ya mume wangu vipande vidogo kuliko punje za mahindi, na yote ilikuwa inatokota ndani ya mchuzi.

Ningemwambia nini? Kwao hakukosea lolote, na alikuwa amefurahi kweli. Nikamshukuru, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, kisha nikamvuta binti yangu kwenye chumba cha kufulia nguo na kufunga mlango.

"Firigisi ya baba yako imo kwenye mchuzi."

"Which part?"

"Yote!"

Akafunika mdomo. Mtoto wa huku anaweza kukataa Kiswahili, lakini anajua firigisi ni ya nani.

"Twende store, Mum. Ni-drive haraka."

"Store gani? Leo kila mahali pamefungwa."

Nilifikiria hata kuvichopoa vile vipande kwa uma. Binti alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio. "Atainuka aende, Mum. Mbele ya mama yake. And that's it, it's over." Nikamwambia aoshe uso, nitaongea mimi.

Kijana alifika amevaa tai. Alipofika mbele ya mume wangu alinyoosha mikono yote miwili, akainama kidogo.

"Mulembe, Baba," akasema.

Ni salamu ya kwetu, binti alikuwa amemfundisha. Ilitoka imepinda, lakini ilikuwa yenyewe. Mume wangu aliitazama ile mikono miwili kwa muda, akaishika. "Mulembe," akajibu, akaenda kuketi kwenye kiti chake kabla mtu mwingine hajakiwahi.

Tukasali, tukapakua. Mama yake kijana akasema kwao kila mtu mezani hutaja anachokishukuru. Yeye akashukuru chapati. Kijana akamshukuru binti yetu, akawa mwekundu masikio. Zamu ikafika kwa mume wangu.

"Mimi nitashukuru nikishiba," akasema kwa Kiswahili.

"He's thankful for the food," binti akatafsiri upesi.

Nikaona jicho lake likizunguka sahani. Likapita kwenye paja, kwenye kunde, kwenye viazi vitamu, likarudi lilikoanzia. Nikamsukumia bakuli la mchuzi kwa sababu sikuwa na kingine cha kumsukumia. Akachovya kipande cha chapati kwa mashaka. Akatafuna. Akachovya tena. Kisha akajimwagia mchuzi juu ya nyama, juu ya viazi, juu ya kila kitu, akala kimya kwa namna ninayoijua, ile ya mtu aliyenogewa. Nikaanza kuamini kwamba nimepona.

Ndipo akaweka uma chini, akafuta mdomo.

"Mama," akasema, ndivyo anavyoniita mbele za watu. "Firigisi iko wapi?"

Binti yangu aliacha kutafuna. Wageni wetu hawakuelewa neno, wakamtazama yeye, wakanitazama mimi.

"Iko kwenye mchuzi," nikasema.

"Mchuzi upi?"

"Huo unaoumwaga tangu tuketi."

Akautazama mchuzi kwenye sahani yake. Akautazama kwenye sahani yangu, akaja kwenye ya binti yetu, kisha akatua kwenye sahani ya kijana, ambayo ilikuwa imekaribia kuwa safi.

"Na huyu ameila?"

"Sote tumeila, Baba. Mama yake ndiye aliyeipika. Hakujua."

Mume wangu akaegemea nyuma, kiti kikalia. Binti alinishika mkono chini ya meza, kucha zikaniingia. Nilikuwa tayari kusimama, kusema, kupiga magoti ikibidi. Halafu nikaona tumbo la mume wangu linaanza kutikisika. Alijaribu kulizuia, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani.

"Basi kwisha," akasema. "Mtu ameshakula firigisi kwangu, mezani kwangu, na mama yake. Nitamfukuza kwa sheria gani?"

"What did he say?" mama yake kijana akauliza. "Is it the gravy?"

Binti yangu hakuweza kumjibu. Alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanamtikisika, na mimi nilikuwa nalia waziwazi nikiwa na kipande cha chapati mdomoni. Kijana alitutazama mmoja mmoja, amechanganyikiwa, na chapati yake imesimama katikati ya sahani na mdomo.

Mume wangu hajawahi kumpakulia mtu chakula tangu nimjue. Siku hiyo alilivuta bakuli la mchuzi, akazungusha kijiko chini kabisa akitafuta vile vipande, akavipata, akamwekea kijana, akarudi kutafuta vingine.

"Kula," akamwambia. "Kula, mwanangu."